Upande wa Kusini wa Jiwe

Riwaya yangu imejaza madaftari saba na bado haijatoka kijijini. Sentensi yake ya kwanza nilikuwa naipenda kuliko zote: "Ufipa ni nchi ya baridi na ukungu." Niliiandika mwezi wa saba, nimejifunika blanketi, hapa hapa Sumbawanga, na niliona imekamilika. Hata mtu wa Dar es Salaam akiisoma, nikajisemea, atatafuta sweta.

Jumamosi moja nikaipeleka kijiweni kwetu. Sisi ni watu watano wenye ugonjwa wa kuandika. Tunakutana nyuma ya banda la mama lishe karibu na stendi, tunachangia chai na maandazi, tunasomeana. Nikasoma sentensi yangu, kisha nikanyamaza ili iingie. Mmoja wetu, kijana wa bodaboda ambaye huandika mashairi nyuma ya karatasi za risiti, akaniuliza:

"Baridi wapi, mshikaji?"

"Ufipa."

"Ufipa ipi? Jana nimepeleka abiria Muze. Ntendo nilikuwa nimevaa majaketi mawili. Nimefika kule chini nimebaki na fulana, na bado jasho linanitoka."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alisema kweli. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Ukishuka mita 1,000 hewa inapata joto kwa kiasi cha digrii 6. Kwa hiyo kati ya chai ya asubuhi na ugali wa mchana, yule bodaboda alikuwa ametoka nchi moja akaingia nyingine, na wilaya hajabadilisha.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Lakini lile "baridi wapi" halikuniacha. Kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyonisogeza karibu zaidi. Halikutaka Ufipa yote, halikutaka mlima wote, hata kijiji kizima halikutaka. Mwisho likanifikisha kwenye jiwe moja, na kwenye jambo ambalo nilikuwa nimelificha ndani ya riwaya hiyo kwa miaka.

Bibi yangu mzaa baba anaishi chini ya milima ya Mbizi, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka mjini. Nyuma ya shamba lake kuna kibonde, na ndani ya kibonde kuna chemchemi. Juu ya chemchemi limekaa jiwe kubwa kiasi cha kibanda cha mlinzi. Tulipokuwa wadogo tulitumwa maji pale na ndoo za lita kumi. Upande mmoja wa jiwe lile ulikuwa mkavu na wa kijivu, unaota jua pamoja na mijusi. Upande wa pili ulikuwa kijani kitupu, kijani cha kulowa, laini kama mgongo wa kifaranga. Ukiubonyeza kwa kidole unatoa maji. Ukiondoa kidole, unajinyoosha tena polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kamusi inaita mmea huo kuvumwani. Chini kabisa, pale maji yanapodondokea, palikuwa na mwingine, bapa, umelala juu ya jiwe kama vipande vya ini. Na kweli Wazungu wa zamani waliupa jina kutokana na ini, wakidhani kwamba mmea unaofanana na kiungo cha mwili ndio dawa ya kiungo hicho. Mimi nitauita mmea-ini, msomaji utanisamehe. Shuleni tuliusoma kwa Kiingereza, tukachora mchoro, tukaandika majina pembeni. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaukanyaga kila siku tukiteka maji.

Bibi alikuwa na amri moja juu ya upande ule wa kijani: usikwangue. Wavulana tulipenda kukwangua kwa fimbo tuandike majina yetu. "Mume wangu," aliniambia siku moja, maana ndivyo anavyoniita, "jiwe hili lina masika yake. Kwetu huku kiangazi, pale bado mvua inanyesha. Liache."

Nilidhani ni maneno ya kizee. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ananieleza sayansi yenyewe.

Tazama. Sisi tuko digrii 8 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba, kiangazi kikiwa kimeshika, jua linapita upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo uso wa jiwe unaotazama kusini haupigwi na jua katika miezi ile ile ambayo hakuna mvua. Desemba jua linarudi kusini na kulitazama jiwe usoni, lakini Desemba kuna mawingu na mvua, na jiwe halidhuriki. Hivyo basi jiwe moja lina majira mawili kwa wakati mmoja, mgongoni kiangazi na kifuani masika. Wataalamu wanasema hiyo ni hali ya hewa ya mahali padogo. Redio hutangaza hali ya hewa ya mkoa, lakini kuvumwani haisikilizi redio. Yenyewe inaishi katika hewa yenye unene wa vidole viwili juu ya jiwe.

Wazee wetu walilijua hilo kwa jembe. Mtu akipita Ufipa mwisho wa mvua anaona makonde yamejaa matuta ya duara, safu kwa safu. Hiyo ndiyo intumba. Unakata ardhi pamoja na majani yake, unaigeuza, majani yanafukiwa ndani yanaoza. Ndani ya tuta kuna unyevu na mbolea, nje kuna upepo na jua. Mfipa alikuwa anatengeneza hali ya hewa yake kwa jembe, tuta baada ya tuta, kabla ya bwana shamba yeyote kufika.

Lakini tuta, kama mvua zinakuja, unalijenga tena mwaka ujao. Jiwe la bibi halikuwa hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka 19. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Nilitaka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ilikuwa haipo. Baba alikwisha sema hana. Karibu na kwa bibi kulikuwa na watu wanachoma tofali, na tanuru la tofali linakula kuni kama moto wa jehanamu. Walikuwa wananunua magogo. Kuzunguka chemchemi, upande wa kusini na mashariki, palisimama mizambarau pori sita, mikubwa, mizee, ambayo bibi aliikuta pale alipoolewa.

Bibi alikuwa ameenda msibani siku tatu. Nikachukua shoka lake.

Usidhani sikufikiri. Nilifikiri sana, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisimama mbele ya jiwe nikasema: kivuli cha hapa kinatoka kwa jiwe lenyewe, hakitoki kwenye miti. Jiwe litabaki, basi na kijani kitabaki. Nikaona nina akili. Nikakata minne, mingine miwili ilinishinda unene. Hela niliyopata ilitosha ada na nauli ya kwenda kituo cha mtihani, na zaidi kidogo nikanunua viatu.

Bibi aliporudi nikamwambia wamekuja wezi wa kuni usiku.

Akatazama visiki. Akasema, "Haya." Akachukua ndoo yake akateka maji.

Ule mtihani nilishindwa tena. Lakini jiwe lilinipa matokeo yake mapema zaidi, kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Nilikuwa nimesahau upepo. Ufipa haina miti mingi, ni majani matupu hadi macho yanachoka, na kiangazi upepo kutoka kusini-mashariki unavuma mchana kutwa bila kitu cha kuuzuia. Ile mizambarau ndiyo iliyokuwa ukuta. Ilipoondoka, upepo uliingia kibondeni ukalilamba jiwe upande ule ule wa kusini ambao jua halifiki. Kijani kikawa kahawia, kahawia ikawa nyeusi. Mmea-ini ulijikunja kingo kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mvua za Novemba zikaja, nikaenda mbio kuangalia. Sehemu chache zilifufuka. Desemba jua likarudi kusini, na kila mvua ikikatika siku tatu nne linachoma jiwe moja kwa moja, hakuna jani la kuliziba. Mwaka uliofuata upande wa kusini ulikuwa wa kijivu kama wa kaskazini. Mijusi ikahamia.

Chemchemi haikukauka, sitaki kumdanganya mtu. Maji yapo hadi leo, ingawa mwezi wa kumi ndoo inachukua muda mrefu kujaa kuliko zamani, na mambo yanayopunguza maji ni mengi. Nilichokiua bila ubishi ni kile kijani.

Nilianza kusoma habari zake kwa sababu ya aibu. Mtu akimgonga mwenzake barabarani hutaka angalau kujua jina lake. Nikagundua kwamba mimea hii haina mizizi ya kunyonya maji ardhini. Ina nyuzinyuzi za kushikilia tu, na maji inayapata kwa mwili mzima, kutoka kwa hewa, ukungu na matone. Haina ngozi nzito ya kuzuia maji yasitoke. Hewa ikikauka nayo inakauka, hewa ikilowa nayo inalowa. Nyingine zinaweza kukaa zimekauka muda mrefu na bado zikafufuka, ndiyo maana mvua za Novemba zilinipa matumaini. Nyingine haziwezi. Na hata kuzaa kwao kunahitaji maji: mbegu ya kiume lazima iogelee katika utando mwembamba wa maji ili ilifikie yai. Pasipo unyevu hakuna ndoa.

Halafu nikajifunza mbinu kutoka kwa mdogo wangu: weka tone dogo la maji juu ya jicho la kamera ya simu, simu inakuwa kama hadubini ya maskini. Nikauangalia mmea-ini wa mtaro mmoja hapa mjini. Ee bwana! Mgongoni ulikuwa na vikombe vidogo vidogo, na ndani ya kila kikombe punje za kijani zimepangwa kama dengu sahanini. Tone la mvua likidondokea humo linazirusha punje nje, na kila punje ikianguka mahali panapofaa inakuwa mmea mpya. Mahali panapofaa! Hapo ndipo penye kazi. Spora za kuvumwani ni vumbi tupu, upepo unaweza kuzibeba mbali sana. Kusafiri si tatizo lao. Tatizo ni kona za kutua. Ndiyo maana mmea wa namna hii unaweza kuwa adimu duniani huku ukiwa umejaa tele juu ya shina moja.

Nchi yetu ina hadithi zake katika jambo hili. Miaka ya mwanzo ya 1970 mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alikuwa akifundisha Morogoro, na alipanda milima ya Uluguru kupima uzito wa vitu vinavyoota juu ya miti. Katika msitu wa chini alipata kiasi cha tani 2 kwa hekta, uzito mkavu. Alipofika juu, kwenye msitu wa miti mifupi unaokaa ndani ya ukungu, alikuta karibu tani 14. Mlima ni ule ule, tofauti ni ukungu. Na mzigo wote huo hufyonza maji ya mawingu na kuyaachia polepole. Kuna kuvumwani moja ya misitu ya Tanzania na Kenya inaitwa Neorutenbergia usagarae, ambayo imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Nilipoona neno Usagara limelala ndani ya jina hilo la Kilatini nilisimama kidogo. Mmea mdogo kuliko kidole, umebeba jina la nchi ya watu.

Jiwe la bibi lilikuwa na nini? Sijui, na sasa sitajua. Nilifuta kabla ya kusoma.

Mwaka juzi nilijaribu kulipa. Nilichukua kipande cha kuvumwani kutoka mtaro wa jirani, nikakibandika kwenye jiwe kwa tope, nikakimwagia maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Nilipoacha kumwagia kilidumu siku tano. Maji nilikuwa nimeyaleta, lakini ule utulivu wa hewa niliuleta na nini? Nikapanda mikaratusi mitatu kwa kuwa inakua haraka. Bwana misitu mmoja akapita, akaniambia niing'oe, inakunywa maji mno kwa mahali kama pale. Akanikumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji zisiguswe. Nikaing'oa. Nikapanda mizambarau pori. Sasa inanifika kifuani, na mimi si mrefu.

Katika kuhangaika huko nikapanda Mbizi, ambayo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Niliomba ruhusa nikaingia na mlinzi. Unatoka kwenye majani makavu, jua linakupiga utosini, unaingia hatua ishirini tu ndani ya msitu na sauti yako inabadilika. Upepo unabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Mbega wekundu walikuwa wanatukaripia kutoka juu. Nikaona mashina yamevaa kijani hadi kwenye matawi, mengine yananing'iniza nyuzi kama ndevu. Lakini hata mle ndani si kila mahali. Shina linaloegemea lilikuwa na kijani upande wa juu, chini likavu. Gogo lililooza lilikuwa na aina zake, jiwe la kijito lina zake. Na pale mti ulipoanguka ukaacha tundu la jua, kijani kilikuwa kimerudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye mwanga, kama watu waliojitenga na moto mkali. Ndipo nikakumbuka safari ya shule kwenda Kalambo. Wenzangu walitazama maji yanayoanguka zaidi ya mita 200, mimi nikabaki nashangaa ukuta, kwa nini umepakwa kijani pale tu vumbi la maji linapofika na si pengine. Jibu nilikuwa nalo machoni tangu siku ile.

Turudi kwenye riwaya. Katika sura ya tatu kuna chemchemi na kuna miti inayokatwa. Nani anakata? Mfanyabiashara mnene wa kuni, ametoka mjini na lori, ana pete ya dhahabu na kicheko kibaya. Niliandika kurasa kumi na moja za mtu huyo. Wenzangu kijiweni walisema ndiye mhusika bora kuliko wote.

Pasaka iliyopita nilienda kwa bibi nikamsomea sura hiyo. Macho yake yamefifia, ila masikio yako wima. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua maharage.

"Umeandika vizuri, mume wangu," akasema. "Ila huyu mtu wa lori alikuja lini?"

Nikanyamaza.

"Maana mimi shoka langu nalilaza uvunguni. Nilipotoka msibani nililikuta nyuma ya mlango."

Miaka yote ile, msomaji. Alijua tangu jioni ya kwanza, akasema "Haya", akateka maji. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage. Nikamwambia yote, ada, tanuru, viatu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Niliona una njaa ya shule. Lakini ungeniomba, ningekuonyesha miwili ya kule juu ambayo haikingi kitu. Wewe hukujua mti upi unafanya kazi gani."

Hilo neno sijalitoa kichwani. Hukujua mti upi unafanya kazi gani.

Nimechana kurasa zile kumi na moja. Yule mnene wa lori simtaki tena, ingawa kijiweni wananililia nimrudishe. Na sentensi ya kwanza nimeibadilisha. Sasa inasema: "Upande wa kusini wa jiwe la bibi yangu palikuwa na masika ya upana wa kiganja, na mimi ndiye niliyeyakata." Niliisoma Jumamosi. Yule wa bodaboda alinyanyua kikombe chake, akanywa, hakuuliza wapi.

Kabla ya kurudi mjini siku ile ya Pasaka, bibi alinishika mkono tukashuka kibondeni taratibu. Akainama, akapapasa chini ya jiwe, kwenye ufa ambao mizambarau yangu mifupi imeanza kuukinga upepo. Akauvuta mkono wangu akaweka kidole changu pale. Palikuwa na unyevu, na kitu laini, kidogo kuliko ukucha. Nikataka kutoa simu nikitazame.

"Kiache," akasema.